Mama, Nimemtibu Mwewe

Jambiani, Unguja
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kivulini, miwani iko machoni na goti limetulia. Kaka Ramadhani aliniambia kwamba wakati wa kupalilia goti lilikusumbua sana mpaka ukawa unaswali kwenye kiti. Je, ile dawa ya kuchua niliyotuma imekufaa? Na mvua zilikujaje mwaka huu? Na mtetea wako mweusi, yule anayetaga kwenye kapu la nguo, ameshaatamia? Mimi huku ni mzima. Naandika neno hilo kwa makusudi, maana nikifika mbele utataka kuwa na uhakika nalo.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na mimi naishia kupiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Habari yenyewe si ya kupigiwa kelele. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe, usimtafute mtu. Barua nitampa kaka Mohamedi, yule wa kwetu anayeleta vitunguu soko la Darajani. Jumanne nakwenda mjini, naye anarudi Singida wiki hii hii.

Sasa mama, nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Nimemtibu mwewe.

Najua. Nakuona unavyoiweka barua mapajani na kutazama nje. Ni mimi yule yule niliyekuwa nakaa juani kutwa na kopo bovu, naligonga kila kikipita kivuli uani. Ni mimi niliyechapwa siku niliposinzia, mwewe akabeba vifaranga viwili vya yule kuku wa marehemu baba. Sijasahau hata kimoja. Lakini ilikuwa hivi.

Bi. Mize, mwenye nyumba wangu, umeshamsikia kwenye simu akikusalimu. Ni mjane, umri wake karibu na wako, analima mwani baharini na nyumbani anafuga kuku. Nyuma ya nyumba kuna bustani yenye ukuta wa mawe, na tangu nihamie hapa bustani ile ni yangu kuitunza: mchicha, bilingani, pilipili, na mlimau mmoja mkubwa. Yeye hapendi kuinama kwenye udongo, anasema mgongo wake wote ameuacha baharini. Ananiita Khadija, kwa ile kha ya kooni kabisa, na mimi nimeshazoea, hata nikisikia Hadija nageuka kutazama anaitwa nani.

Siku hiyo nilikuwa na mapumziko, siendi jikoni kwenye nyumba ya wageni. Maji ya bahari yalikuwa yametoka, Bi. Mize amekwenda kwenye mwani. Nilikuwa namwagilia mchicha nikasikia kuku wamenyamaza wote kwa pamoja. Wewe unakijua kimya hicho. Nikatazama juu, sikuona kitu. Kumbe yuko chini. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya mlimau, bawa la kushoto limetandazwa juu ya mche wangu wa bilingani.

Nilichukua ufagio wa chelewa. Sitakudanganya mama, nilikwenda kumpiga. Nilipobakisha hatua mbili akageuza kichwa akanitazama, mdomo wazi, anahema. Hakujaribu hata kujikokota. Ndipo nikaona uzi wa nailoni, mshipi wa kuvulia samaki, umemzunguka bawa na mguu, na ndoana imezama kwenye nyama ya bawa. Bado ilikuwa na kipande cha chambo kimekauka. Alikwenda kukwapua samaki wa mtu huko pwani, akajiondokea na ndoana na mshipi wote.

Nikauteremsha ufagio. Ningemkuta ana kifaranga kwenye makucha ningempiga bila kufikiri. Lakini huyu alikuwa amefungwa, na mkono wangu haukukubali kupiga kitu kilichofungwa.

Hapo hapo Bi. Mize akaingia na gunia la mwani kichwani, maji yanamtiririka.

“Khadija! Una nini hapo?”

“Mwewe, Bi. Mize. Ameumia.”

“Ameumia? Alhamdulillahi.” Akalitupa gunia chini. “Nipishe nikatwae panga.”

“Ana ndoana mwilini.”

“Na vifaranga vyangu vilikuwa na nini mwilini? Watano, Khadija! Mwezi huu tu wamenibebea watano, na mie nawatazama kwa macho yangu, natoka mbio kanga inanianguka, watu wananicheka!”

Nikamwambia aniache nimtoe ndoana tu, kisha… Akaniuliza, “Kisha nini?” Nikasema, “Kisha utaamua wewe. Nyumba ni yako.”

Alikuja na panga kweli. Akasimama juu yake, akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, kama mtu aliyeuziwa kitu kikawa sicho, “Mbona mdogo hivi? Akiwa juu nnamuona mkubwa.”

Panga likateremka. “Kamwite Makame. Mie simshiki. Na nakwambia mapema, mwisho Ijumaa. Ijumaa sitaki kumuona hapa, mzima wala maiti.”

Mzee Makame ni kaka yake, anashona nyavu nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuja na koleo mfukoni, hakuuliza maswali mengi. Aliniambia nimfunike kichwa kwa kanga ili asione kitu, nami nimshike kwa kumkumbatia, mabawa yote mawili. Mama, mwewe ni mwepesi! Mabaya yote aliyotufanyia, na mikononi hana uzito wa mkate. Lakini moyo ulikuwa unampiga mpaka nausikia kifuani kwangu.

“Usivute,” Mzee Makame aliniambia nilipotaka kuigusa ndoana. “Ina mwiba kwa nyuma. Ukivuta utamchana bawa zima. Tunaisukuma mbele.” Akaisukuma polepole mpaka ncha ikatokea upande wa pili, akaikata ncha kwa koleo, kisha akairudisha iliyobaki ikatoka bila taabu. Halafu akaanza kuukata mshipi. Mguu ulipofunguka tu, yule bwana akaukunjua na kunidunga ukucha mmoja chini ya kidole gumba, mkono wa kulia. Uliingia wote. Nilipiga ukelele, lakini sikumwachia.

Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa. Mzee Makame akampigia simu bwana mifugo. Yeye alituambia tumweke penye giza na utulivu, tumpe vipande vya samaki mbichi au nyama, tusimpe mkate wala wali, tusimmiminie maji mdomoni. Akasema mfupa kama haukuvunjika, bawa litarudi. Mwisho akaniuliza kama amenijeruhi. Nikasema kidogo tu. Akaniambia niende kituo cha afya siku hiyo hiyo nikachomwe sindano ya pepopunda na kidonda kitazamwe. Nikajibu nitakwenda kesho. Kesho yake nilikuwa na wageni kumi na wawili wa kupikia, sikwenda. Wala kesho kutwa.

Tulimweka kwenye tenga ndani ya banda la kuni, tukalifunika kwa gunia. Siku ya kwanza hakula, na ya pili hakula. Nilikuwa naweka matumbo ya samaki asubuhi, nayakuta jioni yamejaa sisimizi. Nilianza kufikiri kwamba nimemtesa bure, bora panga la Bi. Mize lingekuwa limemaliza. Alhamisi nikaweka vipande vya jodari, nikageuka kufunga mlango, nikasikia nyuma yangu kitu kinararuliwa. Sikugeuka. Nilisimama nimempa mgongo, natabasamu peke yangu na kufuli mkononi.

Ijumaa, baada ya sala, Bi. Mize akaja mpaka mlango wa banda na buibui lake jeusi.

“Bawa vipi?”

“Bado.”

Akavuta pumzi. “Basi Ijumaa ijayo,” akasema, akaenda zake kupakua chakula.

Sasa mama nakuja kwenye jambo ambalo sikukuambia. Jumapili yake nilikuwa jikoni kazini nakata vitunguu, kisu kikaniponyoka. Vidole havikukunjika. Mkono ulikuwa umevimba tangu asubuhi, nikawa najifanya siuoni, na mwili una joto na baridi kwa pamoja. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa kushika kuta. Bi. Mize alikuwa anaanika mwani uani. Aliponiona akaja, akafungua kile kitambaa.

“Mtume! Huu mkono ama papai? Na hujasema neno?”

Hakunisubiri nijibu. Alikwenda kwa jirani mwenye gari, akasimama mbele ya gari mpaka yule bwana akaacha chakula chake. Tukaenda mjini hospitali. Njia nzima alinishika kichwa kisigonge dirisha, na njia nzima alikuwa ananigombeza. Nililazwa siku nne. Walipasua mahali pale pakatoka usaha, wakanitundikia dripu, nikachomwa sindano nyingi. Daktari aliniambia kwamba ningechelewa siku mbili nyingine, tungekuwa tunazungumza habari ya kupoteza mkono.

Ndiyo siku zile uliponipigia ukasikia simu imezimwa, kisha nikakwambia chaja iliharibika. Nisamehe mama. Nilijua ungepanda basi na goti lako hilo, halafu boti, na wewe maji ya kuoga tu huyaamini yakizidi ndoo. Nilisema nikipona nitakueleza mwenyewe. Nimepona, na nakueleza. Usiku wa kwanza Bi. Mize alilala sakafuni kando ya kitanda changu kwenye mkeka wa kuazima. Asubuhi alininywesha uji kwa kijiko kama mtoto, akanichana nywele, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, “Huyu mwanangu, wa bara.” Nilitazama ukutani nisije nikalia uji ukanipalia. Miaka yote hii huwa unaniuliza nani atanishika mkono nikiumwa huko kwa watu. Nimeona nikuandikie jibu kwa jina lake.

Yeye alirudi Jambiani kwa ajili ya mwani wake, akawa ananipigia simu asubuhi na jioni. Nimekula nini, homa vipi, mkono unafunga ngumi au haufungi. Habari za mwewe hakuzitaja, na mimi niliona haya kuuliza. Ningeanzia wapi? Kiumbe kimoja kimeniingiza hospitali, kimemkosesha mwenzangu kazi yake, nami niulize kama kimekula? Nikahesabu siku nikajua amekwisha. Kama si njaa, basi panga.

Nilipotoka nilifika nyumbani saa nne asubuhi. Kabla ya kuingia chumbani kwangu nilizunguka nyuma kwenye banda la kuni. Mlango wazi, tenga tupu. Nilikaa juu ya gogo. Nilijiambia kwamba huyo ni mwewe tu, na mwenye kuku ana haki yake. Hata hivyo nilihisi nimepungukiwa.

Ndipo nikasikia sauti ya Bi. Mize kutoka jiko la nje.

“Kula, mwizi wee. Kula. Usinitazame hivyo, mie si mamako. Na hilo si paja la kifaranga, jodari huyo.”

Nikaenda. Jiko zima lilikuwa limezungushiwa wavu mkuukuu wa Mzee Makame, umefungwa kuanzia paa mpaka chini. Ndani, Bi. Mize amekaa juu ya mbuzi ya nazi, amejiviringisha gunia mkono mzima mpaka begani, ameshika kipande cha samaki kwa kijiti. Mwewe yuko juu ya mti wa dari, anamtazama. Akashuka, mama. Aliruka kutoka kwenye ule mti mpaka chini, bawa la kushoto likichelewa kidogo, akachukua samaki akarudi juu.

“Bi. Mize,” nikasema, “si ulisema humshiki?”

Alishtuka mpaka kijiti kikamwanguka. “Simshiki! Nnamlisha. Kushika na kulisha kitu kimoja?” Akakiokota kijiti. “Nshampigia simu bwana mifugo. Kasema tenga dogo, hawezi kunyoosha bawa. Ndo Makame akaja na wavu wake. Siku mbili hizi napika ndani, moshi umenitoa macho.”

Akaniangalia mkono uliofungwa bandeji, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo si yake, “Ungerudi na mkono huo ukamkuta kafa, ningekutazama vipi usoni?”

Tulikaa naye wiki mbili zaidi. Mimi nilikatazwa kumkaribia, kazi yote akawa anaifanya yeye, na kila siku alikuwa na malalamiko mapya. Mara anachafua majivu, mara hapendi dagaa anataka jodari, mara amemkodolea jogoo macho. Wenzake wa mwani wakaanza kumwita Mama Mwewe. Akikasirika wanazidi.

Siku ya kumwachia, bwana mifugo alikuwa amekwisha kusema mwewe yuko tayari, lakini Bi. Mize hakutaka aachiwe uani. “Akazoee kwangu? Akaone hapa ndo mezani?” Kwa hiyo tulimtia kwenye tenga tukaenda pwani maji yalipotoka, sisi watatu, mimi na yeye na Mzee Makame. Tenga alilibeba yeye kichwani. Wanawake waliokuwa wameinama kwenye kamba za mwani wakanyanyuka wote kutazama.

Mzee Makame akafungua kifuniko. Mwewe akatoka, akasimama mchangani. Basi. Hakwenda popote. Akatazama huku, akatazama kule, upepo unampeperusha manyoya. Kunguru wakamuona. Wawili, kisha sita, kisha sikuhesabu tena, wanamrukia wanamdonoa mgongoni, naye ameinamisha kichwa. Nikaona kazi yetu yote inakwisha mbele ya macho yangu. Mimi na mkono wangu mmoja nikatupa mchanga, haukuwafikia.

Bi. Mize akachomoa kijiti kimoja cha kufungia mwani akawaingilia. Mama, ungemuona! Mwanamke mzima na umri wake, kanga kafunga kiunoni, anakimbia kwenye maji ya magoti anazungusha kijiti, “Toka! Toka! Mwacheni!” Na wale wanawake waliokuwa wakicheka wakaja nao, wengine wanapiga makofi, wengine wanarusha maji. Kunguru wakatawanyika. Katika zogo lile mwewe akapiga bawa mara mbili, akanyanyuka kimo cha mtu, akashuka, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa juu ya minazi. Akapata upepo, akatanua mabawa, hakupiga tena. Akaenda upande wa kusini mpaka tukawa hatumuoni.

Bi. Mize alikuwa amelowa mwili mzima. “Hata kugeuka hakugeuka,” alisema.

“Ulitaka akuage?” Mzee Makame akamuuliza.

“Nshamlisha wiki tatu!”

Wavu tumeshautoa, jiko limerudi kuwa jiko. Mimi nimerudi kazini. Kovu limebaki dogo, na ngumi inafunga. Mkono wenyewe ndio huu unaokuandikia, kwa hiyo ukiona herufi zimepinda usidhani ni haraka. Daktari anasema zitanyooka.

Nakuletea pamoja na barua hii karafuu kidogo za chai yako, ziko kwenye kikaratasi ndani ya mfuko wa kaka Mohamedi. Nisalimie kaka Ramadhani, mwambie asinitukane, najua atasema mtu wa Singida kumlisha mwewe ni kuutia aibu mkoa mzima. Nisalimie wifi yangu, mkewe, nimesikia ana mzigo. Mungu amjalie ajifungue salama. Msalimie shangazi, dada yake baba, na mwalimu jirani yetu aliyekuwa akitusomea barua za baba zamani. Likizo yangu ni baada ya Idi, na safari hii nakuja.

Bi. Mize amenikuta naandika, amesimama nyuma ya kiti changu hasomi lakini anauliza kila mstari unasemaje. Anakusalimu sana. Amesema nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema, nami nayaandika: “Mwambie mamako mie mfugaji mwenzake. Anisamehe. Namjua mwewe kama anavyomjua yeye. Sikumlisha kwa kumpenda, nilimlisha kwa ajili ya mwanawe.”

Na juzi, mama, tulikuwa uani kuku wakanyamaza. Juu kulikuwa na mwewe anazunguka, yuko juu sana. Bi. Mize akatoka mbio na tenga, akawafunika vifaranga wote, akakalia juu yake. Kisha akakinga jua kwa mkono akatazama.

“Ndiye?”

“Sijui, Bi. Mize. Wote wanafanana.”

“Ndiye ama siye, hapati kitu hapa.” Akazidi kutazama, shingo imempinda, hata nikadhani amenisahau. Halafu akasema polepole, “Lakini la kushoto linanyooka vizuri.”

Mwanao anayekupenda,
Hadija